"Umeme Mdogo" Masasi: Maana ya Kukokotoa Mtiririko wa Nguvu Katika Laini za Usambazaji

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi programu za kompyuta zinavyokokotoa mtiririko wa nguvu katika mitandao ya kusambaza umeme. Kwa kutumia mfano wa Masasi na Newala, inaonyesha kwamba usemi "umeme mdogo" hubeba dhana mbili ambazo tiba zake ni tofauti.

1.0 Utangulizi

Watumiaji husema "umeme ni mdogo" taa zinapofifia au mashine ya kusaga inaposhindwa kuanza. Usemi huo huweza kumaanisha kwamba mitambo haizalishi nguvu ya kutosha. Huweza pia kumaanisha kwamba nguvu ipo, ila msongo wake umeshuka njiani. Kuzichanganya dhana hizi si suala la lugha peke yake: mtu anayetafsiri vibaya malalamiko hayo huweza kununua jenereta mahali panapohitaji laini.

2.0 Masasi, mwishoni mwa laini

Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na kuanzia mwaka 2007 ikawa inazalisha umeme mjini Mtwara, katika kituo kilichokuja kufikia uwezo wa megawati 18. Masasi iko kilomita zipatazo 200 kwa barabara kutoka Mtwara, nayo Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Umeme huo ulifikishwa huko kwa laini ndefu za kilovolti 33.

Mizigo ya eneo hilo ina mota nyingi: pampu zinazopandisha maji kutoka mabondeni hadi uwandani, mashine za kusaga nafaka, na mitambo ya kubangua korosho. Mota huhitaji nguvu ya aina mbili: ile inayofanya kazi, ambayo hupimwa kwa megawati, na ile inayojenga usumaku ndani yake, ambayo hupimwa kwa megavari. Zote mbili hupita katika waya uleule, na zote hushusha msongo.

3.0 Mfano wa hesabu

Tuchukue laini ya kufikirika ya kilovolti 33, yenye urefu wa kilomita 100. Ukinzani wa waya wake ni omu 30, na ule utokanao na usumaku ni omu 35. Mwishoni mwake pana mzigo wa megawati 3 na megavari 1.86. Upungufu wa msongo hukadiriwa hivi:

(3 x 30 + 1.86 x 35) ÷ msongo wa mwishoni

Sehemu ya juu ni 155. Tatizo ni kwamba msongo wa mwishoni ndio unaotafutwa. Kwa hiyo hesabu huanza kwa kubahatisha kilovolti 33, na jibu huwa 28.3. Jibu hilo hurudishwa katika hesabu, likapatikana 27.5, kisha 27.4, hadi kutulia kwenye 27.3. Upungufu ni takriban asilimia 17, ilhali kwa kawaida mitandao hulenga kutozidi asilimia 5 hadi 10.

Mzigo ukiongezwa kwa uwiano uleule hadi kupita megawati 5 na kitu, hesabu haitulii kamwe. Maana yake ni kwamba laini hiyo haiwezi kuufikisha mzigo huo, hata kama kituoni kuna megawati 18 zinazosubiri.

Kapasita zikifungwa karibu na mota, zikapunguza megavari za njiani hadi 0.6, msongo hupanda hadi kilovolti 29.2. Hiyo ni nafuu, lakini haitoshi. Bado vitahitajika virekebisha msongo, au laini ya msongo mkubwa zaidi pamoja na kituo cha kupozea umeme karibu na watumiaji.

4.0 Kazi ya programu

Mtandao halisi una matawi na transfoma nyingi, na kila kimoja huathiri kingine. Ndiyo maana kazi hii ilikabidhiwa kompyuta tangu miaka ya 1950. Mwaka 1967 William Tinney na Clifford Hart wa Marekani walionyesha namna ya kuitumia mbinu ya Newton ili jibu lipatikane kwa marudio machache. Kwa laini za usambazaji, ambazo hutawanyika kama matawi ya mti, baadhi ya programu hujumlisha mikondo kutoka ncha za matawi hadi shinani, kisha hurudi zikishusha msongo kutoka shinani hadi nchani. OpenDSS, programu ya usambazaji inayopatikana bila malipo, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2008.

Hata hivyo, programu hujibu kwa kadiri ya data inayopewa. Urefu wa laini, aina ya waya, ukubwa wa transfoma, na mzigo wa msimu wa korosho ukilinganishwa na ule wa miezi mingine sharti vijulikane. Aidha, jibu lake hupaswa kulinganishwa na msongo uliopimwa nchani.

5.0 Hitimisho

Ni bora basi lugha ya kitaalamu itenganishe "uhaba wa nguvu" na "upungufu wa msongo". Uhaba wa kwanza hutibiwa kituoni, upungufu wa pili hutibiwa njiani. Mota inayoendeshwa kwa msongo pungufu huvuta mkondo mkubwa zaidi, hupata joto, na hatimaye huweza kuungua. Kwa mwenye mashine ya kusaga Masasi, tofauti ya istilahi hizo ni tofauti kati ya mota inayozunguka na mota iliyoungua.