Kutabiri, Kubashiri na Kukadiria

Kompyuta iundapo mfano wa mwenendo wa watu, kwa hesabu au kwa akili mnemba, neno lipi laifaa kazi hiyo? Mathalani, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria, kama wa kisiwa cha Rukuba, huvua kwa taa usiku wa giza. Kompyuta iliyopewa hesabu ya mwezi na idadi ya safari zilizopita yaweza kusema mitumbwi mingapi itatoka kesho. Lakini msiba wa leo kijijini haiujui. Asili ya *kutabiri* katika Kiarabu ni kufasiri ndoto. Ya *kubashiri*, kuleta habari njema. Ya *kukadiria*, kupima. Basi kompyuta hukadiria. Tofauti hii si ndogo: aliyekadiriwa kutenda jambo hajalitenda, wala hapaswi kuhukumiwa kwalo.