Kompaila ipi ifaayo kusomwa darasani?

Somo la lugha za kompyuta linapoanza vyuoni, mhadhiri hukabiliwa na uamuzi unaoonekana mdogo, lakini unaoweza kuwapotezea wanafunzi muhula mzima: kati ya kompaila zilizokwisha kuandikwa, ni ipi wapewe waifungue na kuisoma?

Kompaila ni programu inayotafsiri maagizo yaliyoandikwa na binadamu, kwa lugha kama C au Pascal, kuwa maagizo ambayo prosesa huweza kuyatekeleza. Anayesoma nadharia yake peke yake hufanana na fundi wa magari aliyeiona injini pichani tu.

Jina litajwalo kwanza ni GCC, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1987. Sifa zake hazibishaniwi, na wengi huichagua kwa sababu hiyo. Hata hivyo, sifa si hoja ya kufundishia. Programu hiyo sasa ina mamilioni ya mistari, na mwanafunzi mgeni huweza kumaliza wiki kadhaa akitafuta pa kuingilia. LLVM, iliyoanzishwa mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ina mpangilio mzuri zaidi, lakini nayo imekuwa msitu.

Udogo nao una mtego wake. TCC ya Mfaransa Fabrice Bellard ni nyepesi mno, kiasi kwamba mwaka 2004 alionyesha ikitafsiri kiini cha Linux wakati kompyuta inawaka, kwa muda wa sekunde 15 hivi. Wepesi huo unatokana na kusoma programu mara moja tu na kutoa maagizo ya mashine papo hapo. Hatua ambazo mhadhiri angependa kuzionyesha moja baada ya nyingine zimebanwa pamoja, hivyo msomaji huona matokeo bila kuiona njia.

Kwa anayetaka kuiona njia, chaguo bora ni lcc ya Christopher Fraser na David Hanson. Mwaka 1995 waandishi hao walichapisha kitabu kinachochanganya maelezo na programu yenyewe, aya kwa aya, kikieleza si tu kinachofanyika bali pia kwa nini. Programu hiyohiyo hutoa maagizo kwa prosesa za MIPS, SPARC na Intel, na hapo mwanafunzi hubaini sehemu inayohusu lugha na ile inayohusu mashine. Upungufu upo: lcc hufuata C ya mwaka 1989, wala haijitahidi sana kuharakisha programu inazozitoa.

Ikiwa lengo ni maana ya lugha kuliko mashine, Lua, iliyozaliwa Brazil mwaka 1993, inatosha. Ina mistari ipatayo 30,000, na kompaila ni sehemu yake ndogo tu.

Kipimo kizuri kwa mhadhiri asiye na uhakika ni kumtaka mwanafunzi aongeze agizo moja jipya, mathalani la kurudia kazi hadi sharti litimie. Katika PL/0, kompaila ndogo ambayo Niklaus Wirth wa Uswisi aliichapisha mwaka 1976 kwa ajili ya kufundishia, nyongeza hiyo ni mistari michache tu ya Pascal. Mwanafunzi aliyeimaliza jioni moja anaweza kupewa lcc wiki inayofuata.