Je, Wajua? Picha Moja, Kila Kioo na Rangi Yake

Je, wajua kwamba picha iliyomo ndani ya simu yako haina rangi hata moja? Ina namba tu. Kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, imeandikiwa namba tatu kati ya 0 na 255: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Kwa mpangilio huo zinapatikana rangi 16,777,216. Mchoraji akiwa Nairobi akimtumia mchoro wake jamaa aliyeko Mbwajumali, kinachovuka bahari hadi kisiwa cha Pate ni zile namba. Rangi yenyewe hutengenezwa papo hapo na kioo kilicho mkononi mwa anayetazama, kwa taa zake, kwa umri wake, na kwa maamuzi ya kiwanda kilichokiunda.

Unaweza kuliona hili kwa macho yako. Fungua ukurasa mweupe kwenye simu, chovya ncha ya kidole majini, kisha uache tone dogo kabisa likae juu ya kioo. Tone hilo hukuza kilicho chini yake. Pale palipokuwa peupe pepepe utaona vijitaa vyekundu, vya kijani na vya buluu vimepangana, wala cheupe hakimo. Ukiwa na simu mbili za aina tofauti, ziweke tone zote mbili. Katika moja vijitaa huenda vimepangwa mistari iliyonyooka. Katika nyingine, hasa zenye vioo vya OLED, vya kijani vinaweza kuwa maradufu ya vyekundu na vya buluu, navyo vimekaa kimshazari. Hapo utaelewa kwa nini herufi nyembamba nyekundu husomeka vizuri kwenye simu moja na kuonekana zimechakaa kingo kwenye nyingine.

Je, wajua kwamba kuna rangi za bahari yetu ambazo vioo vingi haviwezi kuzionyesha? Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza kipimo cha pamoja cha rangi za skrini, sRGB, ili namba zilezile zitoe rangi inayokaribiana popote. Kipimo hicho ndicho kinachotawala picha za intaneti hadi leo. Lakini kinashika takriban theluthi moja tu ya rangi ambazo jicho la binadamu huziona, na pengo lake kubwa liko upande wa kijani na feruzi. Kwa watu wa visiwa vya Lamu hilo si jambo dogo. Maji ya kina kifupi yanayopita baina ya mikoko na matumbawe saa za mchana hung'aa kwa feruzi kali inayoweza kuvuka mpaka wa sRGB, na kamera hulazimika kuivuta irudi ndani ya mpaka, ikiwa imepoa. Mvuvi anayesema picha hazifanani na bahari anayoijua ana haki, na sayansi iko upande wake.

Kipimo kipana zaidi, Adobe RGB, kilitolewa mwaka 1998, na kinafika mbali zaidi hasa katika feruzi na kijani. Kina mtego wake. Picha iliyohifadhiwa kwa kipimo hicho ikifunguliwa na programu isiyosoma lebo ya rangi iliyofungwa ndani ya faili, hupauka yote. Kinyume chake pia hutokea: picha ya sRGB ikifunguliwa kwenye kioo chenye wigo mpana kisichoheshimu kipimo, nyekundu hukolea hadi ngozi ya mtu ikaonekana imeungua jua. Simu nyingi zina chaguo la rangi za asili na rangi kali kwenye mipangilio ya kioo, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye rangi kali, kwa sababu hizo ndizo zinazovutia mteja dukani.

Je, wajua kwamba weusi ndio mtihani mgumu kuliko rangi zote? Kioo cha LCD kina taa nyuma yake inayowaka wakati wote, na weusi hupatikana kwa kuuziba mwanga huo, ambao hauzibiki kabisa. Katika vioo vya LCD vya aina ya IPS, sehemu nyeupe huwa na mwanga wa takriban mara 1,000 ya sehemu nyeusi. Katika aina ya VA, mara 3,000 au zaidi. OLED haina taa ya nyuma, maana kila pikseli hujiwakia yenyewe, na penye weusi huzima tu. Sasa chukua picha ya buibui jeusi lenye tarizi nyeusi. Kwenye LCD ya bei nafuu, usiku chumbani, nguo inageuka kijivu lakini tarizi inaonekana. Kwenye OLED nguo ni nyeusi tii, na tarizi inaweza kumezwa yote. Mchoraji anayeweka mambo muhimu gizani, macho ya mtu kivulini au kamba za jahazi usiku, hajui yupi atayaona.

Na nusu ya namba si nusu ya mwanga. Namba 128, iliyo katikati ya 0 na 255, kwenye kioo cha kawaida hutoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga wote. Kompyuta za Mac zilikuwa na mkunjo wao tofauti wa kugeuza namba kuwa mwanga, ambao kwa namba hiyohiyo ulitoa takriban asilimia 29, hadi zilipojiunga na wengine mwaka 2009. Kwa miaka mingi, basi, mchoro uliotengenezwa kwenye Mac ulifika kwenye kompyuta ya Windows ukiwa na giza zaidi ya alivyokusudia mwenyewe.

Je, wajua kwamba watu watano waliokaa barazani wakitazama kompyuta moja ya mapajani wanaweza kuwa wanaona picha tano tofauti? Vioo vya LCD vya aina ya TN, ambavyo vilitawala kompyuta za bei nafuu kwa miaka mingi, hubadilika kufuata pembe ya jicho. Aliyesimama juu huona picha imefifia, na aliyekaa chini mkekani huona imeingia giza, pengine hata rangi zimepinduka. Aliye mbele sawasawa ndiye pekee anayeona kazi ya mchoraji. Hitachi ya Japani ilileta aina ya IPS mwaka 1996 ili kuondoa tatizo hilo, lakini mashine kuukuu za TN bado zimejaa mashuleni na maofisini.

Jua nalo lina lake. Mchana wa jua kali, karatasi nyeupe iliyoachwa nje hung'aa kiasi cha kandela 25,000 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Simu ya kawaida hutoa 400 au 500. Kioo hakina ubavu wa kushindana. Hurudisha mwanga wa anga juu ya picha, sehemu za giza zikapotea kwanza. Mtu anayetunza chaji kwa kupunguza mwanga wa kioo, jambo la kila siku kwa anayechajia sola, anapunguza na picha anayoiona. Wino mweusi juu ya karatasi, kwa upande wake, husomeka vizuri zaidi kadiri jua linavyozidi.

Wavuvi wanaovaa miwani ya kukata mng'ao wa maji wanalijua tukio jingine: ukiigeuza simu ubavu, kioo kinaweza kuzima ghafla. Hakikuharibika. Mwanga wa LCD hutoka ukiwa umechujwa ukae upande mmoja, na miwani ile ni kichujio cha pili. Vikikingamana, mwanga haupiti.

Je, wajua kwa nini leso uliyoiagiza kwa picha ya WhatsApp huja na rangi nyingine? Kuna hatua nne, na kila moja hula kidogo. Kwanza ni mwanga wa duka, kwani taa nyeupe yenye ubuluu huua wekundu, na taa ya manjano huuzidisha. Pili ni kamera, ambayo hubahatisha weupe na kuongeza ukali wa rangi kwa hiari yake. Tatu ni kubanwa kwa picha. Picha za JPEG huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi mara nyingi huhifadhiwa kwa pamoja kwa kila pikseli nne. Macho yetu hayalitambui hilo kwenye sura ya mtu au anga, ila kwenye leso nyekundu na nyeusi yenye pindo la vipambo vyembamba, wekundu huvuja nje ya mistari. Jina la leso likiwa limeandikwa kwa nyekundu juu ya nyeusi, hapo ndipo huharibika zaidi. Hatua ya nne ni kioo chako.

Wanaochapa vitambaa hawaiamini skrini hata kidogo, na wana sababu. Kiwandani kila rangi ya leso hupewa fremu yake na rangi yake iliyochanganywa kabla. Michoro siku hizi huandaliwa kwa kompyuta, lakini kinachoamua ni kipande cha kitambaa kilichochapwa na kukauka. Kijani kile kinachowaka kwenye kioo hakiwezi kupatikana kwa wino wa kawaida, kwa kuwa kioo hutoa mwanga nao wino hunyonya mwanga. Na kuna feruzi za wino ambazo kioo cha kawaida hakizifikii. Kwa hiyo leso halisi inaweza kuwa nzuri kuliko picha yake, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Kisiwa cha Pate kilishughulika na rangi zamani kabla ya vioo hivi. Mji wa Siyu, katika kisiwa hichohicho cha Mbwajumali, ulisifika katika karne ya 18 na 19 kwa waandishi walionakili misahafu na kuipamba kwa nyeusi, nyekundu na njano juu ya karatasi zilizoagizwa kutoka ng'ambo. Rangi chache, lakini kila moja ilikuwa na kazi, na msomaji alizifuata katika usomaji wake. Leo wengi wanaotaka kuiona misahafu hiyo wataiona kwenye skrini kwanza, pengine kwenye skrini peke yake, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Nyekundu iliyozeeka ikaelekea kahawia, kwenye simu yenye rangi kali itawaka kama iliyopakwa jana. Karatasi iliyogeuka rangi ya maziwa, kwenye kioo chenye ubuluu, itakuwa nyeupe. Mwanafunzi atahitimisha mambo kuhusu wino wa Siyu ambayo wino haukuyasema.

Wanaopiga picha miswada kwa uangalifu wana dawa ya zamani. Huweka kando ya ukurasa kadi yenye viraba vya rangi zinazojulikana kwa vipimo. Iliyo maarufu kuliko zote, yenye viraba 24, imekuwapo tangu mwaka 1976. Kadi hiyo haibadilishi chochote kwenye picha. Inampa mtu wa baadaye, mwenye kioo chochote, kitu cha kulinganishia: kama kiraba cha kijivu kimeonekana kina ubuluu, basi ukurasa nao umeongezwa ubuluu kiasi hichohicho. Lamu kwenyewe miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Kwa kazi za namna hiyo, ile kadi pembeni si uchafu wa kukatwa. Anayeikata ili picha ipendeze amemnyang'anya msomaji kipimo chake.

Je, wajua kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban miaka 20 kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chochote? Vioo vile vya zamani vya chogo vilikuwa na unga unaowaka ukipigwa na miale, na unga ulipozeeka rangi zilififia. Televisheni mbili za umri tofauti hazikukubaliana kamwe.

Mwaka 1968 hivi, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama jijini Dar es Salaam kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia vyuma na mbao, juu ya vibao vya hadibodi. Michoro ya mtindo wake ilipogeuzwa katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, rangi bapa zilihamia kwenye skrini bila shida kubwa. Ule mng'ao wa mafuta, unaocheza ukisogeza kichwa, haukuhamia. Kioo kina mng'ao wake, wala si wa picha.

Kwa kijana wa Pate au Lamu anayechora kwa simu, nina rai. Usikague kazi yako kwenye kioo kizuri peke yake. Zima kichujio cha mwanga wa usiku, kwa kuwa hupaka manjano kila kitu; kisha ikague kwenye simu ya bei ya chini kabisa iliyopo nyumbani, nje uani na ndani chumbani. Hilo ndilo jumba la maonyesho la watu wako. Ukichora machweo, jihadhari na anga laini: vioo vingi vya bei nafuu vina ngazi 64 tu kwa kila rangi badala ya 256, yaani rangi 262,144, na anga hukatika vipande vipande vyenye mistari. Chembechembe kidogo ukizinyunyiza juu ya anga zitaificha hiyo mistari.

Na anayeagiza leso kwa picha anaweza kutumia hila ya wapiga picha wa miswada bila kununua kadi. Mwombe muuzaji aitoe leso nje penye kivuli cha mchana, na aweke juu yake kiberiti cha aina ileile uliyonayo jikoni. Picha ikifika, shika kiberiti chako kando ya kioo. Kama kiberiti cha kwenye picha kimeelekea manjano kuliko cha mkononi, leso nayo imeelekea manjano, na utajua cha kupunguza kabla ya kutuma pesa.