Dhamana ni bure, basi ile elfu hamsini ilikuwa ya nini?

Mimi si mwanasheria, elimu yangu ni kidato cha nne, lakini wiki mbili hizi nimesoma sheria ya dhamana kuliko nilivyosomea mtihani wa mwisho. Sababu ni binamu yangu. Ijumaa jioni alidakwa na simu aliyouziwa na jamaa wa kijiweni, kumbe ni ya wizi. Akalazwa selo. Shangazi alipofika kituoni (kituo sikitaji) akaambiwa "leta elfu hamsini ya dhamana". Akakopa kwa jirani, akatoa. Risiti hakuna, na dogo hakutoka hadi Jumatatu.

Sasa ukweli ni huu. Dhamana ya polisi hailipiwi hata senti. Dhamana ni ahadi: mtuhumiwa anasaini, mara nyingi na mdhamini wake, kwamba atarudi siku fulani. Basi. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema mtu aliyekamatwa bila hati, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24 na kosa lake si zito, mkuu wa kituo anatakiwa amwachie kwa bondi, iwe na wadhamini au bila wadhamini. Hiyo habari ya "subiri Jumatatu, mkubwa hayupo" haimo humo. Ndiyo maana watu wetu wanakamatwa sana Ijumaa jioni, au nasema uongo?

Mahakamani mambo ni tofauti kidogo. Akisomewa mashtaka, hakimu anataja masharti. Ya binamu yangu yalikuwa wadhamini wawili wenye barua ya serikali ya mtaa na vitambulisho, kila mmoja asaini bondi ya laki tano. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Shangazi aliposikia "laki tano" nusura azimie, na nje palikuwa na kijana kamnong'oneza kwamba anaweza "kuisaidia ipungue". Jamani, kusaini bondi siyo kulipa! Hutoi kitu siku hiyo. Unadaiwa pale tu mtu wako akiingia mitini. Hapo mahakama inaweza kukuamuru ulipe, mali zako zikamatwe, na ukishindwa kabisa unaweza kuonja jela wewe. Kwa hiyo usimdhamini mtu kwa aibu ya ukoo. Na ukiona anaanza kukukwepa, nenda mahakamani uombe kujitoa udhamini, sheria inaruhusu.

Pesa taslimu inaingia pale kesi inapohusu mali ya zaidi ya shilingi milioni 10. Hapo unatakiwa kuweka nusu ya thamani, kwa fedha au mali kama hati ya nyumba, na nusu iliyobaki unaisainia bondi. Mhasibu anayedaiwa kula milioni 40 anatafutiwa milioni 20 na ndugu zake kabla hata shahidi mmoja hajapanda kizimbani.

Halafu kuna makosa yasiyo na dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengineyo. Hapo hakimu hana la kufanya hata kama anakuonea huruma. Mwandishi Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, katika mashtaka yake likawemo la utakatishaji fedha, akasota rumande hadi Februari 2020. Mwaka huohuo wa 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinapingana na Katiba, katika kesi ya Dickson Sanga. Tukashangilia. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Kwa majirani zetu Kenya, chini ya Katiba yao ya 2010 hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kupewa dhamana. Sisemi wauaji waachiwe, msinirushie mawe. Nauliza tu: kama Katiba yetu, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji kabla hajathibitika, kwa nini jina la shtaka pekee limfunge mtu mwaka?

Lakini hata hivyo tusonge mbele kidogo. Zamani Mkurugenzi wa Mashtaka alikuwa akipeleka hati tu, dhamana inazuiwa bila yeye kueleza kitu. Wakili Jeremia Mtobesya akaipinga, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikaifuta ile nguvu.

Binamu yangu yuko nje, kesi imeahirishwa. Mdhamini mmoja ni baba yangu mdogo, fundi seremala, ambaye sasa anampigia simu kila asubuhi kabla ya kushika randa: "Uko wapi wewe?" Ile elfu hamsini jirani ameanza kuidai. Juzi shangazi alirudi kituoni kuiulizia, akaambiwa yule afande amehamishwa.