Mashujaa wa katuni wanazaliwa jirani yetu, nani atawafikisha Konyo Konyo?

Na Mwandishi Wetu, Juba

Wakanda, nchi ya kubuniwa anakotawala Black Panther, imehamishwa mara nyingi kwenye ramani tangu shujaa huyo atokee kwa mara ya kwanza katika kitabu cha katuni cha Fantastic Four namba 52, mwaka 1966. Lakini katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, ramani inayoonekana kwenye skrini inaiweka kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Turkana, pale Sudan Kusini, Kenya, Ethiopia na Uganda zinapokaribiana.

Kwa mtu wa Juba, hapo si mahali pa kubuniwa. Ni Pembetatu ya Ilemi, ardhi ambayo Kenya inaisimamia na Sudan Kusini inaidai, na ambako Watoposa, Waturkana, Wanyangatom na Wadassanech wamekuwa wakichunga na kugombania malisho tangu enzi za mababu. Nchi tajiri kuliko zote katika hadithi za mashujaa imechorwa juu ya mpaka wetu wenyewe.

Hata hivyo, zunguka soko la Konyo Konyo kuanzia kwenye unga wa Uganda hadi kwenye nguo za mitumba, na kitabu chenyewe cha katuni hukioni. Mwandishi wa makala haya ni shabiki wa miaka mingi wa katuni hizo. Hapa anapitia zilizotoka na zilizoanzishwa upya katika miaka ya karibuni, na kuuliza swali ambalo msomaji wa gazeti hili ndiye mwenye uwezo wa kulijibu: eneo letu linatumiwa, lakini linapata nini?

Namba 1 mpya, mbinu ya zamani

Kampuni mbili za Marekani, Marvel na DC, ndizo zinazoshika sehemu kubwa ya biashara ya katuni za mashujaa. Hutoa vijitabu vyembamba vya kila mwezi, kurasa 20 na ushei, kwa bei ya Dola 3.99 hadi 4.99. Tatizo lao analijua kila mwenye duka. Mteja mgeni akikuta hadithi imefika namba 57, anaogopa kuanzia katikati. Dawa yao ni kuifunga hadithi, kumpa mwandishi mwingine na kuanza tena kuhesabu kutoka namba 1.

Black Panther amepitia hayo mara nyingi. Alianzishwa upya mwaka 1998 akiandikwa na Christopher Priest, mwaka 2005 na Reginald Hudlin, mwaka 2016 na Ta-Nehisi Coates, mwaka 2021 na John Ridley, na mwaka 2023 na Eve L. Ewing. Mbinu inalipa. Namba 1 ya Coates inakadiriwa kuagizwa na maduka kwa zaidi ya nakala 250,000, idadi ambayo katuni nyingi hazifikii hata nusu yake.

Upande wa hatari pia ni wa kibiashara. Maduka huagiza miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka, na kwa kawaida mzigo usiouzwa haurudishwi. Hasara hubaki kwa mwenye duka. Anayevusha nyanya kutoka Elegu hadi Juba ataielewa biashara hiyo bila kuelezwa.

Kuna somo jingine. Kwa zaidi ya miaka 20, msambazaji mmoja wa Marekani, Diamond, alishika karibu njia yote ya kufikisha katuni madukani. DC iliondoka kwake mwaka 2020, Marvel ikafuata mwaka 2021, na Januari 2025 Diamond ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Maduka madogo yaliyotegemea njia hiyo moja yalijikuta yanahangaika. Sisi tunaotegemea kilomita 192 za lami kutoka Nimule tunajua maana yake.

Kati ya vilivyotoka karibuni, viwili vinastahili pesa ya shabiki. Cha kwanza ni Absolute Batman cha Scott Snyder na Nick Dragotta, kilichoanza Oktoba 2024. Batman wa siku zote ni tajiri wa kurithi. Huyu hana mali. Ni mhandisi, mtoto wa mwalimu, na vifaa vyake anajitengenezea. Cha pili ni Black Panther cha Ewing, ambamo mfalme T'Challa amefukuzwa katika kiti chake na anajificha katika mji mmoja wa nchi yake, akiishi na watu wa kawaida na kuyaona maisha ambayo ikulu haikumwonyesha.

Nchi iliyotajirika kwa kufunga mpaka

Hapo ndipo shabiki anayeishi Juba anapoanza kuwa na maswali. Wakanda imejengwa juu ya madini yake ya vibranium, na siri ya utajiri wake ni kwamba ilijificha. Haikununua wala kuuza. Majirani waliiona kuwa nchi maskini ya wafugaji. Katika filamu, ni mwishoni kabisa ndipo T'Challa anapoamua kuifungua nchi yake kwa dunia.

Mwandishi aliyebuni jambo hilo hakuwahi kusubiri lori Nimule. Katika sehemu hii ya dunia, kijiji kisichofanya biashara na jirani hakitajiriki, kinakufa njaa. Mpaka ukifungwa siku tatu, bei ya mafuta na unga hapa mjini inapanda kabla ya jua kuzama. Ukiichukua Wakanda kama ndoto ya Afrika isiyotawaliwa na wageni, inapendeza. Ukiichukua kama mpango wa uchumi, hata mama muuza mboga ataikataa.

Tena Wakanda hii ya jirani yetu haina hata lugha ya hapa. Watu wake kwenye filamu wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini, maelfu ya kilomita kutoka Turkana. Miji yake inaitwa Birnin Zana na Birnin T'Chaka, na neno "birnin" ni la Kihausa. Mavazi ndiyo yaliyotukaribia. Ruth E. Carter, aliyepata Oscar mwaka 2019 kwa kuyabuni, alichota kwa Wamaasai, Waturkana na hata Wadinka. Kwa hiyo shanga za Wadinka zilifika Hollywood, lakini lugha za soko la Juba hazikufika.

Acholi na Congo katika rafu za New York

Wakanda si peke yake. Oktoba 2008, DC kupitia tawi lake la Vertigo ilimfufua Unknown Soldier, shujaa wa mwaka 1966 aliyekuwa askari wa Kimarekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Safari hii mwandishi Joshua Dysart na mchoraji Alberto Ponticelli walimfanya kuwa Moses Lwanga, daktari Mganda anayerudi nyumbani na kujikuta katikati ya vita vya Acholi vya mwaka 2002. Dysart alikwenda mwenyewe kaskazini mwa Uganda kabla ya kuandika, na matoleo mengine yalichorwa na Mkongo Pat Masioni, anayeishi Ufaransa.

Kitabu hicho kilitoka mwaka ule ule ambao mazungumzo ya amani kati ya Serikali ya Uganda na waasi wa LRA, yaliyoanza hapa Juba mwaka 2006, yalivunjika kwa Joseph Kony kukataa kusaini. Wakati msomaji wa New York akifungua ukurasa wa kwanza, watu wa Equatoria walikuwa bado wanalala na hofu ya waasi hao hao. Kwa maoni ya shabiki huyu, ni miongoni mwa katuni bora zilizowahi kuandikwa kuhusu ukanda wetu, kwa sababu haikumpa shujaa ushindi wa bei rahisi. Ilikoma mwaka 2010 baada ya matoleo 25.

Septemba 2011, miezi miwili baada ya Sudan Kusini kupata uhuru, DC ilianza upya kwa katuni 52 kwa mpigo. Moja ilikuwa Batwing, aliyetangazwa kuwa Batman wa Afrika. Jina lake ni David Zavimbe, polisi katika mji wa kubuniwa wa Tinasha nchini Kongo, ambaye utotoni alilazimishwa kuwa askari. Katika nchi yetu, ambayo maelfu ya watoto wake wamepita mikononi mwa vikundi vyenye silaha, kijana kama Zavimbe si wa kubuniwa. Wapo, na wengi wanatafuta jinsi ya kuanza maisha tena.

Hawakupewa muda wa kumjua. Mwaka 2013 Zavimbe alivua vazi, likapewa Luke Fox, kijana wa Kimarekani, na hadithi ikahamia Gotham. Kampuni ilihitaji mauzo, na njia ya kuyatafuta ikawa kumwondoa Mkongo. Hakuna mtu wa Goma au Juba aliyeulizwa, kwa sababu hakuna wa Goma au Juba aliyekuwa mnunuzi.

Storm naye ana ukoo wa hapa. Tangu atokee mwaka 1975 katika X-Men ameelezwa kuwa mtoto wa mama Mkenya na baba Mmarekani, aliyefiwa na wazazi Cairo akiwa mdogo na baadaye kutembea kusini hadi Afrika Mashariki. Fungua ramani uone. Kati ya Cairo na Kenya kuna Nile nzima na kuna sisi, lakini hadithi inaturuka. Oktoba 2024 Marvel ilimpa kitabu kipya kilichoandikwa na Mnigeria, Murewa Ayodele. Ni hatua nzuri, na inaonyesha kwamba mlango unaweza kufunguliwa na anayeugonga.

Mashujaa waliobebwa na maduka yetu

Si kweli kwamba watu wetu hawasomi katuni. Miaka ya 1960, Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika wa hadithi za picha zilizotolewa na kampuni ya jarida la Drum, aliuzwa kuanzia Lagos hadi Nairobi. Kenya, Juha Kalulu wa Edward Gitau alianza miaka ya 1950 na akadumu kwa miongo katika Taifa Leo. Tanzania, jarida la Sani liliwapa wasomaji Ndumilakuwili, na watu walikopeshana nakala moja hadi ikachanika.

Mfano wa karibu zaidi ni Shujaaz. Ilianza Kenya mwaka 2010 kwa lugha ya Sheng. Shujaa wake, Boyie, hana nguvu za ajabu, ana redio ya magendo aliyojitengenezea chumbani. Kitabu kiligawiwa bure ndani ya gazeti na kupitia vibanda vya M-Pesa, kisha kikavuka hadi Tanzania, na kimepata tuzo ya kimataifa ya Emmy mara mbili, mwaka 2012 na 2014. Angalia kilichokifikisha kwa vijana. Ni gazeti la kila siku na kibanda cha wakala mtaani.

Filamu nazo zimetufundisha jambo hilo hilo. Zimeenea Uganda kwa sababu ya watafsiri kama VJ Jingo, na Kenya kwa sababu ya DJ Afro, ambao huzisimulia kwa lugha ya watazamaji. Shujaa wa kigeni hupokelewa akiletwa na mtu anayesema lugha ya mteja.

Wasimulizi wenyewe hawakosekani. Hamid Ibrahim wa Kampala ni mmoja wa waanzilishi wa Kugali, kampuni iliyoanza na katuni ikafika kutengeneza Iwájú na Disney mwaka 2024. Msudani Kusini Lual Mayen alikulia kambini kaskazini mwa Uganda, mama yake akajinyima miaka mitatu kumnunulia kompyuta ya Dola 300, naye akabuni mchezo wa kompyuta wa amani uitwao Salaam. Alilazimika kutembea saa tatu kwenda kuichaji.

Katoni moja katika lori

Kinachokosekana ni mzigo kufika. Wachapaji wapo Nairobi na Kampala. Malori yanayokuja Juba yanajulikana, na wenye mali wanajuana. Kitabu hakiozi kama nyanya, hakivunjiki kama mayai, na hakihitaji barafu. Adui yake ni mvua tu, na turubai inatosha.

Mfanyabiashara anayetaka kujaribu asianze na toleo la Marekani la Dola 4.99, kwani bei hiyo ni chakula cha familia. Aanze na katuni za ukanda huu, za Kiswahili au Kiingereza chepesi, katoni moja, aziweke pale wazazi wanaponunua madaftari kabla ya shule kufunguliwa. Zikiuzwa, mchoraji wa Juba atapata sababu ya kuchora na mchapaji wa Kampala atapata sababu ya kumchapia. Zikilala, hasara ni katoni moja.

Kampuni za Marekani zitaendelea kuanzisha namba 1 kila zinapohitaji mauzo, na zitaendelea kuchora nchi zao juu ya Ilemi, Acholi na Kongo. David Zavimbe aliondolewa kwa sababu watu wake hawakuwa kwenye hesabu za mauzo. Anayepanga mzigo wa wiki ijayo pale Elegu anaweza kuanza kuwaweka.