Karakana ya Jamii: Tufundishane Kazi Gani?

Si ajabu siku hizi kusikia watu wa mtaa au wa kituo cha biashara wakishauriana kuanzisha karakana ya jamii, yaani nyumba yenye meza za kazi na vyombo ambavyo mtu ye yote aweza kuvitumia, na ambamo jirani humfundisha jirani kazi ya mikono. Ni shauri jema. Lakini liko swali moja ambalo kamati nyingi hulipita mbio, nalo ndilo huamua kama nyumba hiyo itadumu au itageuka ghala. Swali lenyewe ni hili: tufundishane kazi gani?

Niliwahi kuwa mwandishi wa kamati moja ya namna hiyo. Mfadhili alituletea mashine inayoongozwa na kompyuta, ambayo huchapa vitu vya plastiki, nasi tukaamua kwamba mafunzo yote yaifuate mashine. Siku ya kwanza watu walijaa hata mlangoni. Walitazama kwa muda mrefu mashine ikitengeneza kishikizo kimoja cha funguo, wakapiga makofi, wakaenda zao. Wiki ya nne tulibaki watatu: mwalimu, mlinzi, na mimi niliyeshika daftari la mahudhurio.

Siku hiyo hiyo akaingia mama mmoja mzee, amechukua jembe lililolegea mpini. Akauliza, "Wanangu, hapa ndipo mnapotengeneza vitu?" Tukatazamana. Katika nyumba nzima hapakuwa na tupa wala kabari ya mti. Mama akatushukuru kwa adabu, akaondoka na jembe lake begani. Hata leo nikikumbuka naona haya.

Kosa halikuwa la mashine. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulianza na chombo tulichopewa badala ya kuanza na haja ya watu. Wazee walisema kwamba mchagua jembe si mkulima.

SHAURI LA ZAMANI

Katika nchi yetu jambo hili si geni. Shule ya Jeanes, iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925, ilifundisha walimu pamoja na wake zao, ili elimu iingie shuleni na nyumbani pia. Mwaka 1966 baraza la makanisa ya Kikristo lilitoa taarifa juu ya vijana waliomaliza shule wasipate kazi, na katika miaka iliyofuata vikaanzishwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Shauri lao kubwa lilikuwa kwamba chuo kifundishe kazi zinazohitajiwa na watu wa mahali pale, tena kwa gharama ndogo.

Na ng'ambo wamejifunza vivyo hivyo. Mwaka 1998 Profesa Neil Gershenfeld wa chuo cha MIT, Marekani, alianzisha somo la kutengeneza karibu kila kitu, akitazamia wanafunzi wachache wa utafiti. Walikuja kama mia moja, na wengi wao hawakujali utafiti. Kila mmoja alitaka kutengeneza kitu alichokitamani mwenyewe. Kutokana na somo lile zilizaliwa karakana zilizoenea katika nchi nyingi. Basi hata penye mashine za thamani kuu, kinachomvuta mtu ni haja yake.

ULIZA KILICHOVUNJIKA

Haja ya watu hujulikanaje? Usiwaulize, "Mwataka kujifunza nini?" Ukiuliza hivyo watakujibu, "Kompyuta," kwa kuwa ndilo jibu wanaloona litampendeza mgeni. Uliza hivi: "Ni kitu gani kilichokuharibikia mwezi huu, nawe ulifanyaje?" Hapo utasikia habari za panga butu, baiskeli yenye mnyororo unaoruka, taa ya jua isiyowaka, kiti kilichovunjika mguu, na cherehani inayokata uzi. Andika kila jibu katika daftari. Kisha nenda ukakae kitambo karibu na fundi wa sokoni, uone ni vitu gani huletwa kwake mara kwa mara. Baada ya mwezi mmoja daftari litakuwa limekwisha kukupangia masomo.

Kila somo lipimwe kwa mambo manne. Kwanza, je, laweza kumalizika kwa kikao kimoja, mtu akarudi nyumbani na kitu mkononi? Kunoa panga kwafaa sana: mwanafunzi hufundishwa kwamba tupa hukata inaposukumwa mbele, na kwamba yapasa kuiinua inaporudi, nayo kazi yaonekana papo hapo.

Pili, je, kila mtu atapata kushika chombo? Watu ishirini kwa jiliwa moja maana yake ni mfanya kazi mmoja na watazamaji kumi na tisa. Heri kuwaita watu sita kwa zamu.

Tatu, je, vifaa vyapatikana katika duka la karibu, kwa bei ambayo mkulima aweza kuilipa? Asipoweza kuvinunua, somo litakufa mlangoni.

Nne, je, lina hatari gani? Umeme wa nyumbani usiwe somo la kwanza. Betri za simu na za taa nyingi za jua zikitobolewa zaweza kushika moto. Anayeanza na ajifunze kukagua waya na swichi, na betri yenyewe amwachie mjuzi.

Somo kubwa laweza kugawanywa. Tazama lile jiko la makaa lenye chungu cha udongo ndani ya bati, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Jiko la bati tupu hupoteza moto mwingi ubavuni, lakini udongo huuzuia, na makaa hupungua. Kufinyanga na kuchoma chungu hicho ni kazi ya siku nyingi, nayo yataka tanuri. Lakini ukikinunua kwa mfinyanzi, kukikaza ndani ya bati kwa saruji ni kazi ya asubuhi moja. Kisha jiko liachwe likauke vizuri kabla ya kutiwa moto.

FUNDI ASINYANG'ANYWE CHAKULA

Limebaki neno moja zito. Fundi wa kando ya barabara asikiapo kwamba karakana itafundisha bure, huona kwamba watoto wake watalala njaa, nasi hatuna haki ya kumcheka. Dawa yake ni mbili. Fundi huyo awe ndiye mwalimu, naye alipwe kwa siku yake. Tena somo liwe lile la kutunza kitu kisiharibike, kama vile kunoa, kutia mafuta na kukaza nati. Kazi kubwa, kama kuchomelea vyuma, ibaki kwake. Kamati yetu ilipomwita fundi baiskeli kwa masharti hayo, alikuja na vyombo vyake mwenyewe, na wanafunzi wake ndio waliomletea wateja baadaye.

Kamati ilianza upya kwa somo la kunoa na kutia mpini. Ile mashine haikutupwa. Imesogezwa pembeni, nayo hutumiwa mtu anapohitaji kipande kidogo kisichouzwa dukani. Mama yule sikumwona tena. Lakini tupa ipo sasa, na kabari zipo, na mtu akiingia na jembe begani hatutazamani tena.

Basi ninyi mnaokusudia kufungua nyumba ya namna hii, msianze kwa orodha ya mashine. Anzeni kwa daftari na kalamu, mpite nyumba kwa nyumba mkiuliza ni kitu gani kilichovunjika.