Kwa nini picha kubwa za ramani hugoma kufunguka kwenye kompyuta

Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa kutumia ndege ndogo zisizo na rubani, katika mradi ulioshirikisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Picha za aina hiyo huonyesha paa la nyumba, uchochoro na mpaka wa shamba. Hata hivyo, anayezifungua kwa programu ya kawaida ya kuhariri picha huweza kuambulia ujumbe mmoja tu: faili ni kubwa mno.

Chanzo cha tatizo hilo ni hesabu. Picha ya kompyuta huundwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Iwapo upande wa kila pikseli ni sawa na sentimita 7 za ardhi, kilomita moja ya mraba huhitaji pikseli zipatazo milioni 204. Kila pikseli ikichukua baiti 3, moja kwa kila rangi ya msingi, kilomita hiyo hufikia megabaiti 612 kabla ya kubanwa.

Muundo wa TIFF, unaotumika sana kwa picha za ramani, huandika anwani za data zake kwa biti 32. Anwani hizo hukomea kwenye baiti 4,294,967,296, na kilomita saba za mraba zinakaribia kuijaza nafasi hiyo. JPEG nayo hairuhusu zaidi ya pikseli 65,535 kwa upande mmoja, ilhali muundo wa PSD wa programu ya Photoshop hukomea pikseli 30,000 kwa upande na gigabaiti 2.

Kikwazo cha pili ni kumbukumbu ya kompyuta. Kubana faili huokoa nafasi kwenye diski, lakini picha inapofunguliwa ili ihaririwe hurejea katika ukubwa wake kamili.

Wapo wanaoamua kuipunguza picha. Hatua hiyo ina gharama. Pikseli ikitoka sentimita 7 hadi 70, ukuta mwembamba au mtaro wa maji hutoweka, na hivyo ndivyo vinavyotafutwa katika mgogoro wa mipaka au maandalizi ya kukabili mafuriko. Aidha, programu isiyo ya ramani huweza kufuta taarifa za latitudo na longitudo zilizomo ndani ya faili. Picha hubaki ikipendeza macho, lakini haiwezi tena kuwekwa moja kwa moja mahali pake kwenye ramani.

Suluhisho lipo. Muundo wa BigTIFF hutumia anwani za biti 64, hivyo kikomo cha gigabaiti 4 huondoka. Picha pia huweza kugawanywa katika vigae na kuambatanishwa na nakala zake ndogo. Programu za ramani kama QGIS, inayopatikana bila malipo, husoma kigae kinachotazamwa pekee, na hivyo hata kompyuta ya kawaida huweza kuonyesha kisiwa kizima.